Kilio Kilichotoka Nje ya Nyumba

Wanawake wakishaanza kumlilia maiti, mwanamume anatoka. Ndivyo ilivyo kijijini Vathilaka, na rasi nzima ya Mani, kusini mwa Ugiriki, ndivyo ilivyokuwa, na Stathis alilijua hilo tangu ana kimo cha meza. Unasimama uani na wanaume wenzio, unakunywa konyaki, unavuta sigara, unatazama viatu vyako. Ndani wanawake wamelizunguka jeneza na bibi yako ndiye anayeongoza. Wewe huku nje unapata mlio tu, unapanda na kushuka. Maneno hupati. Maneno si yako.

Lakini aliyelala mle ndani siku ile alikuwa Dikeos, baba yake mdogo. Baba mzazi wa Stathis alikwenda Australia akasahau njia ya kurudi, kwa hiyo Dikeos ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, kunyoa ndevu, na kutukana bila kusikika na padri. Lori la zeituni lilimgonga kwenye kona ya chini ya kanisa. Dereva hakushuka hata kutazama. Walimkamata kesho yake bandarini, kijana wa Kialbania aliyekuja kwa ajili ya msimu wa mavuno tu, hakuna aliyemjua.

Stathis akaona hawezi kukaa uani kama mgeni. Kabla hajatoka, akajifanya anaweka sawa taa ya mafuta kwenye rafu ya picha za watakatifu, akaiegemeza simu yake nyuma ya taa, ikiwa inarekodi. Akatoka. Hakuna aliyeona.

Aliisikiliza siku baada ya mazishi, kwenye kinu cha zeituni, amejificha nyuma ya magunia. Picha ilikuwa mbovu, vichwa vyeusi vya wanawake vinaonekana kutoka juu na mwali wa taa unachezacheza pembeni. Lakini sauti! Bibi Stavriani alikuwa ameshavuka themanini, na akiongea nawe jikoni sauti yake ni kama mlango usiotiwa mafuta. Akilia ni mtu mwingine. Alianza pole pole, anapiga goti kwa kiganja:

*Dikeos mwanangu wee,*
*kukuacha kwenye lami*
*kama paka asokwao…*

Wanawake wakaitikia. Akaendelea, akamtajia marehemu shati lake la bluu, mbwa wake, mchumba aliyemkosa. Halafu kitu kikampanda kutoka tumboni na sauti ikabadilika:

*Waloshuka milimani,*
*na jiko lao lizime,*
*wazae na wasilee,*
*nyumba zao ziwe nyasi,*
*Albania yenu nzima!*

Na wanawake wakaitikia tena, eee, eee. Mmoja wa walioitikia, aliyekaa karibu kabisa, aliyeushika mkono wa Bibi na kuulaza kwenye paja lake, alikuwa Lule.

Lule ni Mwalbania. Alivuka mlima kwa miguu na mumewe Gezim zaidi ya miaka thelathini iliyopita, wakiwa na mfuko mmoja. Gezim alikuwa fundi wa mawe, nusu ya kuta za Vathilaka amezisimamisha yeye, ukuta wa makaburi ukiwemo. Mtoto wao Ardit alibatizwa kanisani pale pale, na aliyemshika kwenye maji ya ubatizo ni Dikeos huyu huyu. Lule alimwita Bibi Stavriani mama, akiingia kwake kwa mlango wa jikoni bila kubisha. Ukimuuliza mtu yeyote Vathilaka Waalbania wako wapi, atakuonyesha kwenye mabanda ya vibarua kule bondeni. Nyumba ya Lule hakuna ambaye angekuonyesha. Lule si Mwalbania, Lule ni Lule.

Kwa hiyo Bibi alipowalaani haikumjia kabisa kwamba anayemshika mkono yumo. Na Stathis, nyuma ya magunia, anasikiliza mara ya nne huku kamasi zinamtoka, wala yeye haikumjia. Alichowaza ni kwamba sauti kama ile haipo tena duniani, na kwamba yeye peke yake hawezi kuibeba. Akaiposti. Akaandika juu yake: Bibi yangu anamlilia baba yangu mdogo. Akaweka simu mfukoni akaendelea kupakua magunia.

Siku mbili za kwanza ilikuwa pole tu. Watu wa Athene, watu wa Melbourne, wanaandika kwamba wamemkumbuka bibi yao. Halafu ukurasa mmoja wenye bendera na fuvu la kichwa ukaichukua. Wakakata shati la bluu, wakakata mbwa, wakabakiza ile laana peke yake, wakaitia ngoma za vita chini yake na wakaandika: Mama wa Kigiriki amesema. Ikasambaa kama petroli.

Wiki hiyo pikapu ya Ardit ilichomwa moto nje ya nyumba yao, na ukutani, ukuta ambao Gezim aliupanga jiwe kwa jiwe, mtu aliandika kwa rangi nyekundu: JIKO LENU LIZIME.

Stathis alifika mbio. Ardit alikuwa amesimama mbele ya lile bati jeusi, mikono kiunoni.

"Umefurahi sasa?"

"Ardit, mimi sikuandika hivyo. Mimi nimeandika bibi yangu anamlilia..."

"Hakuna anayesoma ulichoandika, bwege wewe. Wanasikiliza."

"Naifuta. Ona, naifuta sasa hivi, mbele yako."

"Futa. Ukimaliza njoo ufute na hili." Akaupiga teke mlango wa gari, ukaanguka. "Jeneza la Dikeos nilibeba mbele kushoto. Wewe ulikuwa kulia. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi toka hapa kabla sijakupasua."

Alifuta, lakini alichokifuta kilikuwa chake tu. Ya wale wa bendera ilibaki.

Askari walikuja kwa Bibi mchana, wawili, mwanamume na msichana. Bibi alikuwa anachambua mboga za porini mezani. Msichana akavua kofia, akaketi, akamweleza taratibu kwamba kuna chama cha kutetea haki kimepeleka malalamiko, kwamba ipo sheria ya matamshi ya chuki, na kwamba yeye na mjukuu wake wanatakiwa kituoni.

"Mjukuu wangu amefanya nini?"

"Ameyasambaza, bibi."

"Na mimi?"

"Wewe umeyasema."

Bibi akaweka kisu chini. "Nimeyasema wapi?"

"Kwenye msiba."

"Na maneno hayo watu huyasema wapi kama si msibani?"

Yule msichana akakuna shingo. "Bibi, na bibi yangu mimi alilia hivi hivi. Kwetu ni Krete."

"Basi unakuja kunikamata kwa nini, binti?"

"Kwa sababu bibi yangu hakuwa kwenye simu."

Bibi Stavriani aligeuka akamtazama Stathis, aliyesimama mlangoni. Hadi siku hiyo alikuwa hajaambiwa simu ilikaa wapi. Walimwambia tu kwamba mtu alirekodi. Stathis akaangalia rafu ya watakatifu, na macho ya Bibi yakafuata ya kwake mpaka kwenye rafu. Alinyanyuka, akajifunga kitambaa cheusi, akasema twendeni.

Kesi ilisikilizwa kabla ya Pasaka. Wakili wao, jamaa mmoja mwenye mafua yasiyoisha, alimwambia Stathis afunge mdomo. Stathis hakufunga. Alisema nishtakini mimi, bibi hakujua, bibi hajui hata kuwasha simu. Hakimu akamwambia wewe umeshashtakiwa, kaa chini.

Kisha karani akasoma yale maneno. Alisoma kwa sauti moja, kavu, anasimama kwenye kila nukta: "Mshtakiwa alisema, na hapa tunanukuu, jiko lao lizime. Wazae na wasilee."

"Sivyo ilivyokuwa," Bibi akasema.

"Mama, unakana kusema maneno haya?" hakimu akauliza.

"Maneno ndiyo. Lakini sivyo. Huyu anasoma kama anasoma bei ya samaki."

Watu wakacheka. Hakimu, mama wa makamo mwenye macho ya kuchoka, hakucheka. Alivua miwani. "Mama Stavriani, nisikilize. Hakuna hapa anayekuzuia kumlilia mwanao. Na mimi nimezika. Lakini kuna familia imechomewa gari, na aliyechoma aliandika maneno yako ukutani. Nifanye nini mimi? Niwaambie ni wimbo tu?"

Kwa mara ya kwanza Bibi alionekana kweli mzee.

"Unayarudisha maneno hayo?"

"Nilimwambia Dikeos. Nitayarudisha kwa nani?"

Wakamwita Lule. Wakili ndiye aliyemwomba, na alikuja na koti lake la kanisani, akasimama mikono imeshika mkoba mbele ya tumbo.

"Ulikuwepo chumbani?"

"Nilimshika mkono."

"Aliposema maneno haya wewe ulifanya nini?"

"Niliitikia. Nilisema eee, kama wenzangu. Mkimfunga, nifungeni na mimi."

Mwendesha mashtaka akainuka. "Bi Lule, wewe ni Mwalbania. Hukuumia?"

"Mle chumbani hapana. Mle alikuwa analia. Dikeos alimsimamia mwanangu ubatizo, na mimi nilikuwa nalia."

"Na baadaye?"

"Baadaye Ardit alinionyesha kwenye simu." Akaubana mkoba. "Maneno ni yale yale, bwana. Lakini kwenye simu hakuwa analia. Kwenye simu alikuwa ananiambia mimi."

Stathis alitamani ardhi impasukie. Bibi alimwangalia Lule kama mtu aliyeamshwa ghafla, mdomo wazi kidogo, na Lule hakumwangalia.

Wote wawili walikutwa na hatia. Kifungo, lakini hawataingia ndani, mradi wasirudie kosa miaka mitatu. Hukumu yake Stathis aliiona sawa kabisa. Ya Bibi ndiyo hakuikubali. Na akaunti ya Stathis ikafungwa siku hizo hizo, ikaondoka na kila kitu, pamoja na vilio vya kumlilia babu yake na mke wa mwokaji mikate, ambavyo Bibi mwenyewe alimruhusu kuvirekodi msiba ukishaisha na ambavyo havikuwa na laana hata moja. Aliandika kuomba warudishiwe. Alijibiwa na mashine. Ukurasa wa fuvu ulibadilisha jina, ukaendelea.

Alimweleza Ardit siku moja kwenye kinu. Walikuwa wameanza tena kuongea, kwa shida, kama watu wanaotembea na kidonda.

"Sheria ya kijinga," Stathis akasema. "Sheria ya vipofu."

"Tukana tu. Ndiyo pekee iliyokuja nyumbani kuniuliza nani kakuchomea gari."

"Na imempata nani?"

Ardit akatupa gunia juu ya mzani. "Bibi yako," akasema. Wakaangaliana, wakacheka, kicheko kibaya kisichokuwa na mtu ndani yake. Kisha Ardit akasema, "Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungetaka kusiwe na sheria kabisa?"

Stathis akanyanyua gunia jingine akalipeleka kwenye mzani.

Kilichobadilika nyumbani kilikuwa kidogo, mgeni asingekiona. Lule aliendelea kuja. Alileta mayai, aliuliza habari za magoti. Lakini sasa alikuja kwa mlango wa mbele, na alibisha. Bibi alimfungulia, akamkaribisha sebuleni, wakakaa kwenye viti vya wageni, kahawa kwenye vikombe vya sikukuu. Akishaondoka Bibi alivisugua vile vikombe kupita kiasi.

Na Bibi aliacha kuwalilia watu. Mwokaji mikate alipokufa walikuja kumwita, akasema kifua kinambana. Alipokufa dada wa padri akasema hivyo hivyo. Wanawake wakakaa mle ndani wakipenga kamasi tu, na wanaume huku uani, kwa mara ya kwanza, hawakuwa na kitu cha kutokisikia.

Kisha Gezim akafa. Alikuwa anapanga mawe kwenye ngazi za mtu, akakaa chini kupumzika, hakuinuka.

Lule alibisha mlango wa mbele. Stathis akafungua. Lule hakuwa amelia bado, uso wake ulikuwa mkavu kama unga. Alipita hadi jikoni, akasimama mbele ya Bibi aliyekuwa anakoroga sufuria.

"Mama. Njoo unililie mume wangu."

"Lule, mwanangu..."

"Hana mtu. Ndugu zake wako kule, wamezeeka, hawatafika. Aende kimya kimya kama kibarua? Amejenga ukuta wa makaburi yenu." Sauti ikamkatika. "Nilikushika mkono, mama. Nishike."

Bibi alizima jiko. "Nakuja," akasema.

Stathis alitangulia. Alichukua kreti ya kuvunia zeituni, akasimama nayo mlangoni kwa Lule, na Ardit akasimama naye. Kila mwanamke aliyeingia, simu kwenye kreti. Mama mmoja akaguna, ya kwangu nangojea mwanangu atapiga. Ardit akamwambia shangazi, atapiga, itapokelewa na kreti, ingia. Stathis akaiweka ya kwake juu kabisa, imezimwa, wote waione. Kisha wakabeba kreti mpaka chini ya mtini, mbali, na wanaume wakasimama uani na konyaki zao.

Dirisha la chumba lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Stathis alijua haifai, lakini alisogea, akaona.

Bibi aliingia, akaketi kwenye kichwa cha jeneza. Lule akakaa karibu naye, akauchukua mkono wake akaulaza kwenye paja. Wanawake wakasogeza viti. Bibi akainua macho. Hakumtazama Gezim. Alitazama rafu ya watakatifu ya Lule, picha moja baada ya nyingine, na taa, na nyuma ya taa. Hapakuwa na kitu. Akaendelea kutazama.

Akapiga goti kwa kiganja, mara moja. Akavuta pumzi. Wanawake wakavuta naye, tayari kuitikia.

Kimya.

Akapiga goti tena. Mdomo ukafunguka, mishipa ya shingo ikasimama, sauti isitoke. Nje Ardit alikuwa amefumba macho, anangoja, glasi mkononi.

"Gezim," Bibi akasema, kwa ile sauti yake ya jikoni. "Gezim." Akamgeukia Lule, akanong'ona, lakini chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba hata dirishani ilisikika: "Naogopa, mwanangu. Maneno siyachagui mimi, yanakuja yenyewe. Yakija yale mengine?"

Lule aliuangalia mkono ule mzee kwenye paja lake. Aliupapasa mara mbili, kama unavyompapasa mtoto wa mtu mwingine, akaurudisha kwenye paja la mwenyewe.

"Basi, mama," akasema. "Usijilazimishe. Stathis atakurudisha."

Walimzika Gezim ndani ya ukuta wa makaburi alioujenga mwenyewe. Padri alisoma ya kwake, watu wakala ngano ya sukari inayoliwa msibani, wakatawanyika. Kreti ya simu ilibebwa hadi mlangoni na kila mtu akachukua ya kwake, na zote zikaanza kulia kwa pamoja.

Jioni hiyo jua likiwa bado ukutani, Stathis alitoka kufungia kuku. Aliporudi alisikia maji jikoni. Bomba lilikuwa limefunguliwa mpaka mwisho, maji yanapiga karai la bati kwa kishindo, na mlango ulikuwa umefungwa. Alidhani Bibi amesahau. Akashika kitasa.

Ndipo akasikia chini ya maji. Kitu kinapanda na kushuka. Kiganja kinapiga goti. Maneno yalikuwa yanazama, akapata moja hapa, moja pale: fundi wangu wa mawe… mlima kwa miguu… nani atashika timazi… Ilikuwa sauti yenyewe, ile isiyokuwepo tena duniani, inatoka yote, inamlilia Gezim jiwe kwa jiwe, na inaishia kwenye karai.

Aliangalia dirishani, ng'ambo ya uwanja. Kwa Lule taa ilikuwa imewashwa na dirisha limefungwa. Hatua chache tu. Angeweza kukimbia akamvuta Lule mkono, njoo, njoo usikie. Lakini mlango ungefunguliwa na kilio kingekatika, alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaigusa simu. Akautoa haraka kama ameungua.

Ubao wa sakafu ukalia chini ya mguu wake.

Kilio kikakatika. Maji yakafungwa. Tone moja likaanguka kwenye karai, na lingine.

"Nani yuko hapo?" Bibi akauliza, kwa sauti ambayo mtu humuuliza mwizi.

Stathis alibana pumzi.

"Nani yuko hapo?"